Kampuni si mfuko wa suruali ya mkurugenzi! Nimepunguzwa hisa kimyakimya na bado naitwa "mdogo wangu"

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, anayetaka vya mistari miwili apite tu.

Mwaka 2017 tulikuwa marafiki wanne, tukafungua kampuni ya kukamua alizeti hapa Singida. Hisa 1,000. Mkubwa wetu kwa umri akachukua 400 kwa kuwa kiwanja na ekspela (mashine ya kukamulia) ya kwanza vilikuwa vyake. Sisi watatu tukachukua 200 kila mmoja. Yeye akawa mkurugenzi mtendaji. Mwenzetu mmoja akawekwa mkurugenzi wa pili kwa sababu sheria inataka wasipungue wawili, mimi na wa nne tukabaki wanahisa tu. Memati, yaani katiba ya kampuni, tulizisaini bila kuzisoma, zile kurasa zote za Kiingereza cha mawakili. Tukachinja mbuzi, tukapiga picha, tukaagana tukicheka.

Gawio tumeliona mara moja tu, 2019. Baada ya hapo ni "vumilieni, tunanunua mashine", "vumilieni, msimu umekuwa mbaya". Mkutano mkuu wa mwaka hakuna, hesabu zilizokaguliwa hakuna. Ukiuliza unajibiwa: "Mdogo wangu, ina maana huniamini?" Hilo swali ni mtego. Ukisema humwamini umevunja undugu, ukisema unamwamini basi mazungumzo yamekwisha na umerudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichonifumbua macho ni mashudu. Kwa asiyeijua biashara hii: ukishakamua mafuta, makapi yanayobaki ndiyo mashudu, chakula cha kuku na ng'ombe, na kuna misimu mashudu ndiyo yanayokibeba kiwanda. Siku moja mfugaji ananilalamikia kwamba anayanunua kwa shilingi 600 kilo. Nikamuuliza anayachukua kwa nani. Akataja jina la mdogo wake shemeji, yaani mdogo wa mke wa mkurugenzi wetu! Nikamfuata mtunza stoo, akahangaika kidogo, halafu akasema: kijana anauziwa kwa 250, yote, na hakuna mnunuzi mwingine anayeruhusiwa kuingia getini.

Nikaenda kwa wakili nikiwa nimeshaamua: nafungua kesi, huyu mtu ameniibia pesa zangu. Wakili akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Pesa za nani?"

Hapo ndipo nilipojua sikuwa nikielewa nilichosaini. Kampuni ikishasajiliwa ni mtu kamili mbele ya sheria, ana mali zake na madeni yake. Msingi huo ni wa tangu kesi ya Salomon ya 1897, mtengeneza viatu wa London aliyekuwa na karibu hisa zote za kampuni yake, na bado mahakama ikasema yeye ni yeye na kampuni ni kampuni. Kwa hiyo mashudu yakiuzwa kwa bei ya kutupa, aliyeibiwa ni kampuni, si mimi, na mwenye haki ya kushtaki ni kampuni. Kesi ya Foss na Harbottle ya 1843 ilishaliweka hivyo. Nikauliza, sasa kampuni itashtaki vipi wakati anayeiamulia ni mwizi mwenyewe? Wakili akacheka. Kumbe dawa ipo, kifungu cha 234 cha Sheria ya Makampuni ya 2002: mwanahisa anawapa wakurugenzi taarifa, kisha anaiomba Mahakama ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kampuni. Ukishinda, pesa zinaingia kwenye akaunti ya kampuni, si mfukoni mwako. Iliniuma, lakini nikaona pia upande wa pili: kama mashudu si yangu, basi si yake pia, hata awe na hisa nyingi kiasi gani. Mkurugenzi anatakiwa kuitumikia kampuni kwa nia njema, na akiwa na maslahi kwenye mkataba wa kampuni, hata kwa mlango wa nyuma, ayatangaze mbele ya bodi. Yeye alitangaza wapi? Kitandani?

Subirini, bado.

Wakili akafanya upekuzi wa jalada letu BRELA, kule kampuni zinakosajiliwa. Tukakuta mwaka 2022 zilitolewa hisa mpya 500. Zote kwa shemeji, mke wa mkurugenzi! Mwanamke namheshimu, lakini hajui hata ekspela inawashwa wapi. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Mwanzo sisi watatu tulikuwa na 600 kati ya 1,000, asilimia 60. Kumwondoa mkurugenzi kunahitaji zaidi ya nusu ya kura kwenye mkutano mkuu, kwa hiyo siku yoyote tungeweza kumtoa. Baada ya hisa za shemeji jumla ni 1,500: yeye na mkewe 900, sisi 600. Sasa asilimia 60 ni yao. Hatukuuza hata hisa moja. Tulilala wengi, tukaamka wachache.

Utetezi wake: "Kampuni ilihitaji mtaji." Sawa, mtaji uliingia akaunti gani? Kimya. Na hata kama uliingia, wakili alinisomea kesi ya Howard Smith na Ampol ya 1974, kutoka Australia, ikaamuliwa kwa rufaa na Baraza la Faragha (Privy Council) kule London. Wanahisa wawili walikuwa na asilimia 55 pamoja, wakurugenzi wakatoa hisa mpya kwa mtu mwingine, wale wawili wakashuka hadi 36.6. Kampuni ile ilikuwa inahitaji fedha kweli. Bado hisa zikafutwa, kwa sababu lengo kubwa lilikuwa kuvunja wingi wa kura. Wakurugenzi hawakupewa uwezo wa kutoa hisa ili wajichagulie mabosi. Niliposikia hivyo nilitaka kusimama nimkumbatie wakili.

Na mkurugenzi wetu wa pili? Saini yake ipo kwenye muhtasari wa kikao kilichotoa hizo hisa! Yaani mtu amesaini kupunguzwa hisa zake mwenyewe. Nilipomfuata akasema, "Nililetewa karatasi nikiwa msibani, nikasaini tu." Nusura nimrushie kikombe. Kusaini tu ndiyo kazi gani? Kuna kesi ya Dorchester Finance kule Uingereza, wakurugenzi wawili walikuwa wanasaini hundi tupu wanamwachia mwenzao ajaze. Mahakama iliwabana wote watatu. Ukurugenzi si cheo cha kuandikwa kwenye kadi ya harusi.

Hili la hisa, tofauti na mashudu, ni donda langu mimi, na njia yake ni kifungu cha 233: mwanahisa anayeonewa na namna kampuni inavyoendeshwa anapeleka maombi Mahakama Kuu. Mahakama inaweza hata kuamuru anayekuonea anunue hisa zako kwa bei ya haki. Sijui kama nataka kununuliwa. Miaka yangu ya ujana iko kwenye kile kiwanda.

Kwanza tumeandika barua ya kuitisha mkutano. Wenye angalau moja ya kumi ya hisa zenye kura wanaweza kudai, na sisi watatu (ndiyo, hata msainiji wa msibani kaamka) tuna asilimia 40. Wakurugenzi wasipoanza kuuitisha ndani ya siku 21, tunauitisha wenyewe. Kura tutashindwa, hilo najua. Nataka aulizwe habari ya mashudu mbele ya watu na jibu liandikwe.

Kuna aliyewahi kupeleka maombi ya 233 hapa? Ilichukua muda gani, na iligharimu kiasi gani? Wa "yamalizeni kifamilia" naomba mnihurumie, kifamilia ndiyo ilivyoanza.

Barua tumeikabidhi Jumatatu, akasaini kuipokea. Jioni akanitoa kwenye kundi la WhatsApp la kampuni. Shemeji bado yumo. Na leo asubuhi mtunza stoo kanipigia kwa sauti ya chini: lori la mashudu limetoka tena.