Nesi wa zamu ya usiku: mazoezi gani ya kulegeza mwili yatanirudishia usingizi?

Nesi_ShikaAdabu
Hamjambo humu. Mimi ni nesi, zamu ya usiku, hospitali moja ya kisiwani Mombasa. Huu ni mwezi wa nne usingizi wa mchana umenikataa. Zamu ikiisha saa moja na nusu asubuhi, saa mbili niko kitandani, lakini macho makavu mpaka adhuhuri na moyo unadunda kama nimekimbia. Juzi nilipitiwa ndani ya matatu, badala ya kushuka nyumbani Shika Adabu, ng'ambo ya feri, nikaamshwa na makanga Ukunda. Kibaya zaidi, wiki jana nilisimama mbele ya mgonjwa, sindano mkononi, nisikumbuke kama dozi ile nilishaitoa. Chati ndiyo iliyoniokoa.

Nasikia kuna mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli, na mengine ya pumzi. Aliyejaribu anieleze. Dawa za usingizi sitaki.

MzeeKongowea
Pole mwanangu. Mimi nililinda ghala Shimanzi miaka 19, usiku kwa usiku. Nikifika naoga, nala muhogo wa nazi, nalala kama pono. Marehemu mke wangu alikuwa akisimama mlangoni na ufagio, mtoto yeyote akipita na mpira anajua cha kumpata. Ule ufagio ndio uliokuwa dawa. Sasa nina usiku mzima bila kazi, na nimelala peke yangu nikihesabu mabati.

Ustadh_Bamburi
Tia udhu, soma Ayatul Kursi, lala ubavu wa kulia. Na simu iache chumba kingine. Wengi mnalala na simu kifuani halafu mnauliza usingizi umekwenda wapi.

KapteniTuktuk
Sista, panda tuktuk yangu Buxton hadi Kongowea saa nane mchana. Abiria wote husinzia, hata wenye deni langu.

Fizio_Pwani
Nijibu alichouliza. Zoezi la kukaza na kulegeza lilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20. Limejaribiwa kwa wauguzi pia, Uturuki kwa mfano.

Lala chali, chumba kiwe na giza. Anza na vidole vya miguu: vikunje, kaza kama sekunde 5, usikaze hadi kuuma, kisha achia ghafla. Sasa tulia sekunde 15 au 20 uusikie mguu unavyokuwa mzito. Hapo pa kutulia ndipo penye dawa, na ndipo watu wanapopakimbia. Panda: vigimbi vya miguu, mapaja, tumbo, ngumi, mabega (yainue mpaka masikioni), mwisho uso. Mabega yenu manesi huwa mawe matupu kwa kuinua wagonjwa, yarudie mara mbili. Ukirudia mzunguko wote mara nne, ni robo saa hivi.

Pumzi: vuta kwa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, pole pole. Usitarajie siku ya kwanza. Lipe wiki mbili, kila siku. Na ukitoka zamu vaa miwani ya jua hadi nyumbani, maana mwanga wa asubuhi unaiambia akili kumekucha.

Mkunga_Changamwe
Shukrani Fizio. Lakini dadangu, mimi ni mkunga na usiku naujua. Mwili uliochoka tu haudundi moyo hivyo saa nne za asubuhi. Unatumia nini ili ukae macho?

Nesi_ShikaAdabu
Kahawa tu. Vikombe viwili, saa nne usiku.

Mkunga_Changamwe
Kahawa hupungua nusu mwilini kwa saa tano au hivi. Ya saa nne usiku haikufikishi adhuhuri ya siku ya pili yake. Na kingine?

Nesi_ShikaAdabu
Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Kuanzia saa nane usiku, kidogo tu, chooni au nyuma ya stoo. Sijamwambia mtu yeyote. Lakini si pombe, silewi, na wagonjwa wangu hawajalalamika. Wadi ina vitanda 32 na tuko wawili. Nikisinzia nani ataamka?

Ustadh_Bamburi
Subhanallah! Mwezi wa Mei 2024 kaunti ilipiga marufuku muguka na bado mnabishana! Mama wa watu anakufunulia mkono umchome sindano, na wewe umetoka kutafuna?

MzeeKongowea
Ustadh, pole pole. Pale Shimanzi tulitafuna wote. Aliyeacha aliacha kwa sababu ya meno.

Fizio_Pwani
Sikuhukumu, sista, lakini sasa jambo limebadilika. Ndani ya muguka mna kemikali iitwayo kathinoni, inafanya kazi kwa jinsi ya amfetamini: moyo mbio, njaa inapotea, usingizi unakimbia. Unatafuna saa nane, kisha asubuhi unauomba mwili huohuo ulegee. Zoezi litashindwa, nawe utasema zoezi ni bure. Panga na mwenzako: mmoja alale dakika 20 huku mwingine anaangalia wadi, kisha mbadilishane.

Nesi_ShikaAdabu
Msimamizi wetu akimkuta mtu amefumba macho anaandika barua. Nitaacha Disemba, nikimaliza karo ya mdogo wangu. Kwa sasa naomba mazoezi tu.

BintiMtongwe
Mimi hii hadithi siiamini. Navuka feri kila siku. Zamu iishe saa moja na nusu, ukabidhi wadi, ufike kivukoni, uvuke, upande matatu, na saa mbili kamili uko kitandani Shika Adabu? Umeruka? Mwezi jana humu kulikuwa na "daktari" wa Nyali, kumbe mtoto wa sekondari anatafuta wasomaji.

KapteniTuktuk
Hapo Binti amemshika!

Mkunga_Changamwe
Suala la dozi mbili haliandiki asiyewahi kushika chati. Lakini swali la feri ni la haki. Saa mbili unakuwa wapi, dadangu?

Nesi_ShikaAdabu
Binti, hukukosea. Siku tatu za wiki siendi nyumbani. Nafanya lokamu, yaani kibarua cha muda, kliniki moja kisiwani, kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nane mchana. Kitanda nilichosema ni kile cha wagonjwa chumba cha nyuma, najinyoosha nusu saa kabla hawajafungua, na wakipungua narudi tena. Nimeshasaini mpaka Disemba. Naona aibu kuandika haya.

BintiMtongwe
Basi nisamehe. Mamangu alikuwa nesi. Nakumbuka akilala na viatu.

Fizio_Pwani
Robo saa ya kulegeza misuli haiwezi kuzaa saa sita za usingizi, sista. Punguza lokamu hata siku moja. Siku hiyo usitafune usiku wake, ndiyo ufanye zoezi.

Nesi_ShikaAdabu
Nimerudi, ni Jumapili. Jana sikuwa na kliniki, na usiku wake sikutafuna. Nilinywa maji ya ndimu, saa kumi nilidhani nitaanguka, mwenzangu akanifunika kanga dakika 20. Nimefika nyumbani, nimefunga pazia, nimeanza na vidole. Nakumbuka mapaja. Tumbo silikumbuki. Nimeamshwa na adhana ya alasiri.

Mkunga_Changamwe
Alhamdulillahi. Na lokamu ya kesho, umewapigia simu?

Nesi_ShikaAdabu
Bado. Nimeshika simu mkononi tangu magharibi.