Naomba ushauri: mdogo wangu anakataa kupimwa damu

Ndugu wanachama, naomba msaada wenu. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 27 na sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili), anatakiwa kupimwa damu kwa sababu ya tezi ya shingo, ambayo kwa watu wenye hali hiyo mara nyingi hudhoofika, lakini akiona sindano hukunja mikono kifuani na kusema, "Sitaki." Nimemwonyesha picha za kila hatua, nikampa bomba tupu la sindano, akalishika kidogo, akanirudishia. Daktari anataka nisaini mimi, ilhali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataka atibiwe kwa ridhaa yake mwenyewe, nami naona ndivyo inavyostahili. Nitajuaje kama anakataa sindano tu, au kipimo chenyewe? Nimweleze vipi hatari ya kutopimwa bila kumtisha?