Wiki tatu nahangaika na kompyuta nzito, na hakuna hata mmoja aliyeuliza skrini inachorwa na nani

Wakuu, tangu juzi najizuia kuandika uzi huu kwa sababu nilijua nikiandika nina hasira nitatukana. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo, matusi nayaacha.

Kwa wiki tatu kompyuta yangu ya Linux ilikuwa nzito kiasi kwamba nikishika dirisha na kulivuta, kishale kinafika upande wa pili wa skrini wakati dirisha bado liko katikati linajikokota. Nikiandika sentensi, herufi zinakuja kwa mafungu: kimya kidogo, halafu neno zima linatokea kwa mpigo. Feni inavuma muda wote hata kama sijafungua kitu. Na hii si mashine ya kutupa. Ina RAM ya GB 8, prosesa yenye viini vinne, SSD, skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Mashine ya namna hii haina sababu ya kushindwa kusogeza dirisha.

Nikauliza. Niliuliza kwa adabu, nikaeleza dalili zote moja baada ya nyingine, nikasubiri. Majibu niliyopata ndiyo yaliyonileta hapa.

Wa kwanza: ongeza RAM. Wa pili: mashine imezeeka, nunua nyingine. Nilikuwa nimebandika matokeo ya `free -h`, amri inayoonyesha hali ya memori, na safu ya available, yaani memori ambayo programu zinaweza kuipata, ilionyesha karibu GB 5. Mtu akaruka safu hiyo, akaangalia ya free, akaona MB mia tatu na kitu, akaniambia memori imekwisha. Jamani! Linux huchukua RAM isiyo na kazi ikahifadhia kashe ya mafaili, yaani nakala za yaliyokwisha kusomwa, kisha inaiachia pale programu inapoihitaji. RAM iliyokaa bure haimsaidii mtu. Hili ni jambo la siku ya kwanza kabisa, na anayelikosea ndiye anayewaambia watu watoe pesa mfukoni.

Akaja wa tatu na ile amri maarufu, `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`, akanielekeza niiweke kwenye cron, kipangaji cha kazi za kujirudia, ijirudie kila baada ya dakika kumi ili "kusafisha memori". Nikaiweka, kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa. Unajua ilichofanya? Kila baada ya dakika kumi keneli, yaani kiini cha mfumo, ilitupa kashe yote, na kila kitu nilichogusa baada ya hapo kikalazimika kusomwa upya kutoka kwenye diski. Nikabofya menyu ya programu, ikakaa, ikoni zikajitokeza moja moja kana kwamba ndiyo kwanza nimewasha mashine. Maelezo ya keneli yenyewe yanasema kabisa kwamba faili hilo linaweza kuleta matatizo ya kasi na halishauriwi kutumika nje ya majaribio na utafutaji wa hitilafu. Imeandikwa! Lakini amri hii bado inapitishwa mkono kwa mkono kama dawa.

Mwingine akasema nizime swapu kabisa, yaani akiba ya memori iliyowekwa kwenye diski, eti swapu ndiyo inapunguza kasi. Nikazima. Siku ya nne nikiwa na kivinjari chenye tabu nyingi na waraka niliokuwa nauandika tangu asubuhi, memori ikajaa kweli. Mashine ikaganda, taa ya diski ikawaka bila kupepesa, halafu keneli ikachagua programu ya kuua ili ijiokoe. Iliua ile iliyokuwa na waraka wangu. Kazi ya saa tano ikaondoka. Swapu haipo kwa ajili ya siku RAM inapokwisha tu. Inaipa keneli mahali pa kuweka kurasa za memori ambazo hakuna anayezigusa, ili RAM ibaki kwa vitu vinavyotumika sasa hivi. Na hiyo swappiness, namba inayoiambia keneli itumie swapu kwa wepesi gani, mnayosema wote tuishushe hadi 10 bila kueleza kwa nini, thamani yake ya kawaida ni 60, na tangu keneli 5.8 ya mwaka 2020 inaruhusiwa kufika hadi 200, maana kwa anayetumia zram, yaani swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe, kuipandisha kunaweza kuwa na faida. Namba ile ile inaweza kumfaa mmoja na kumuumiza mwingine. Mtu akikwambia "weka 10" kabla hajauliza swapu yako iko wapi, anakisia tu.

Huduma, yaani programu za nyuma ya pazia, nilizozizima kwa kufuata orodha ya `systemd-analyze blame` hata sitaki kuzizungumza sana. Orodha ile inaonyesha kila huduma ilichukua muda gani kuanza, lakini nyingi huanza kwa pamoja, kwa hiyo ya juu si lazima iwe ndiyo iliyochelewesha wengine. Kwa hilo kuna `systemd-analyze critical-chain`. Na hata ningeokoa sekunde kumi wakati wa kuwasha, zingehusiana vipi na dirisha linalojikokota saa mbili baadaye? Nilichopata ni printa isiyofanya kazi.

Halafu kuna aliyeniambia nihamie Xfce. Huyo simlaumu sana, Xfce ni desktopu (mazingira ya madirisha na menyu) nyepesi kweli, ipo tangu 1996 na imewasaidia wengi. Nikahamia, madirisha yakaanza kusogea, nikashukuru hadharani. Siku mbili baadaye nikafungua video, inakatika-katika, feni imerudi pale pale. Wepesi wa Xfce ulikuwa umefunika kidonda. Vitu vya kuchora vilikuwa vimepungua, lakini vilikuwa vinachorwa na prosesa ile ile iliyobebeshwa kazi isiyo yake.

Kilichonifumbua macho hakikuhusu kasi hata kidogo. Usiku mmoja nilitaka kupunguza mwanga wa skrini, vitufe vya mwanga vikawa havifanyi kitu. Nikakumbuka kwamba tangu nilipoweka mfumo huu havijawahi kufanya kazi. Nikakumbuka pia kwamba skrini ya pili nikiichomeka kwa HDMI haionekani. Haya yote niliyataja kwenye swali langu la kwanza! Nikajibiwa kwamba hayo ni matatizo mengine, nifungue nyuzi nyingine.

Nikaandika `cat /proc/cmdline`, kuona maagizo ambayo keneli ilipewa wakati wa kuwasha. Mstari mmoja ukatoka, na mwishoni kuna neno `nomodeset`.

Nikaandika `glxinfo -B`. Penye mstari wa renderer, yaani anayechora, badala ya jina la kadi ya picha, pameandikwa llvmpipe.

Kwa asiyejua: `nomodeset` ni agizo kwa keneli kwamba isiishike kadi ya picha, basi draiva halisi ya kadi haifanyi kazi yake. Mesa, maktaba inayochora, ikikosa kadi inaangukia llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inapaka kila pikseli. Skrini yangu ina pikseli 1,049,088. Kila pikseli ni baiti 4, kwa hiyo picha moja ni zaidi ya MB 4, na skrini ya Hz 60 inadai picha mpya kila milisekunde 16.7. Hiyo ni takriban MB 250 kwa sekunde kwa tabaka moja tu. Kwenye desktopu ya kisasa kila dirisha lina picha yake, na kompozita, programu inayounganisha picha hizo, inazipanga zote juu ya nyingine pamoja na vivuli na uwazi. Ukiongeza ukungu wa nyuma ya menyu, kila pikseli inakokotolewa kutokana na majirani zake. Kadi ndogo kabisa iliyo ndani ya prosesa inafanya hayo yote bila kutoa jasho, kwa sababu ndiyo kazi iliyoumbiwa. Viini vinne vya prosesa vikifanya hivyo, havibaki na nafasi ya kitu kingine. Ndiyo maana `top`, amri inayoonyesha nani anakula prosesa, ilikuwa inaonyesha programu ya desktopu yenyewe iko kwenye asilimia 170 (kiini kimoja kizima ni 100) wakati mimi nimekaa naangalia tu.

Neno hilo lilifikaje pale? Siku ya kuweka mfumo, menyu ilikuwa na mistari miwili, wa kawaida na wa picha salama. Nilikuwa nimesoma ushauri wa mtu kwamba chagua salama, hutapata usumbufu. Nikachagua. Hakuna aliyeniambia kwamba chaguo lile linaandikwa kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayouanzisha mfumo, na kubaki humo kila unapowasha.

Hapa hasira yangu inahamia kwa waliotengeneza mfumo, na sitaji jina kwa sababu si wao peke yao. Kompyuta inajua! Ukurasa wa Kuhusu kwenye mipangilio uliandika llvmpipe kwenye sehemu ya michoro, wazi kabisa. Nililiona neno hilo tangu siku ya kwanza nikadhani ndilo jina la kadi. Kama mfumo unajua kwamba unachora kwa prosesa, na unajua kwamba ndani ya mashine kuna kadi iliyokaa bila kazi, kwa nini usionyeshe ujumbe mmoja tu? "Kadi yako ya picha haitumiki kwa sababu ya chaguo ulilofanya wakati wa kuweka mfumo." Sentensi moja ingeniokolea wiki tatu na waraka wangu. Badala yake ukaendelea kuwasha vivuli, uwazi na madoido ya kufungua menyu.

Marekebisho yalichukua dakika nne. Kabla ya kuhariri chochote nilijaribu kwa mara moja: kwenye menyu ya GRUB nikabonyeza e, nikafuta neno lile, nikawasha kwa Ctrl+X. Hii haiandiki kitu. Kama skrini ingekuwa nyeusi ningezima na kuwasha, hali ya zamani ingerudi. Haikuwa nyeusi. Basi nikafungua `/etc/default/grub`, nikalitoa neno, nikaendesha `sudo update-grub`, nikawasha upya. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mifumo ya ukoo wa Debian. Vitufe vya mwanga vikafanya kazi. Skrini ya pili ikaonekana. Nikarudi kwenye desktopu yangu ya zamani, ile "nzito", nikashika dirisha nikalizungusha skrini nzima, likawa limenata kwenye kishale kama ulimbo. `top` ikasoma asilimia 4.

Baada ya hapo ndipo kurekebisha kukawa na maana. Nilirudisha swapu, nikafuta ile cron. Nikaangalia `/proc/pressure`, ambayo keneli inayo tangu toleo la 4.20 la mwishoni mwa 2018: ina mafaili ya cpu, io na memory, na yanakuonyesha ni asilimia ngapi ya muda kazi zimekwama zikisubiri kitu hicho. Ya memori kwangu ilikuwa sifuri tupu. Ile ya io ilikuwa inapanda kila nikiingia, na aliyehusika alikuwa fahirisi ya utafutaji inayopekua mafaili. Nikaitoa kwenye folda la nakala zangu za zamani, ikatulia. Sikuizima yote, naitumia.

Kitu kingine kilichoniudhi ni programu zinazojianzisha zenyewe. Dirisha la mipangilio lilinionyesha tatu. Ndani ya `/etc/xdg/autostart` zilikuwa zaidi ya ishirini, nyingi zimewekewa `NoDisplay=true` ili mwenye kompyuta asizione. Nyingine zinahitajika kweli, sikatai. Lakini kumficha mtu kinachoendeshwa kwenye mashine yake kwa kisingizio cha kumrahisishia si haki.

Na wenye desktopu ya GNOME mnaopachika viendelezi kumi na tano halafu mnalalamika, jueni kwamba vinaendeshwa ndani ya mchakato wa desktopu yenyewe. Kimoja kikizembea, skrini yote inasubiri. Vizimeni vyote, virudisheni kimoja kimoja.

Ninachodai ni kidogo. Mtu akija amesema kompyuta yake nzito, kabla hujamwandikia amri, muulize prosesa inaliwa na nani, memori available ni kiasi gani, na renderer ni ipi. Tatu tu. Na ukitoa amri inayoandika kitu kwenye mfumo, mwambie inafanya nini na namna ya kuirudisha nyuma. Wageni wanatuamini, wanabandika tunachowaandikia bila kukisoma, kama nilivyofanya mimi. Nikiona tena drop_caches inagawiwa kwa mgeni nitampinga aliyeiandika hapo hapo mbele ya watu, hata awe mkongwe kiasi gani.

Wenye dalili kama zangu, hasa kama vitufe vya mwanga navyo havifanyi kazi, bandikeni hapa chini matokeo ya `cat /proc/cmdline`, `glxinfo -B` na mistari kumi ya juu ya `top` mkiwa hamjafungua kitu. Nitayasoma yote leo usiku.