Ziara ya basi Uingereza na mama: miji kumi na kitu kwa siku 8, au kutulia sehemu mbili?

BintiPangani

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda yale mabasi ya watalii Uingereza, ya siku kadhaa, mnalala hotelini na mwongozaji mnaye humo humo.

Kaka yangu anaishi huko na anataka kutulipia mimi na mama mwezi wa sita. Mama ana miaka 69, mwalimu mstaafu wa fasihi. Amesomesha tafsiri za Mwalimu Nyerere za Shakespeare mpaka kuna mistari anaitamka huku anachambua mchele, kwa hiyo Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, haina mjadala. Goti moja linamsumbua, hasa akishuka ngazi. Kupanda hana shida.

Ratiba ziko mbili. Ya kwanza siku 8: London, Cambridge, York, Durham, ukuta wa Hadrian, Windermere, Chester, Stratford, vijiji vya Cotswolds, Bath, Stonehenge, London tena. Karibu kila usiku hoteli mpya. Ya pili siku 7: tunalala York siku tatu, Stratford siku tatu, na kila asubuhi basi linatupeleka mahali na kuturudisha jioni. Bei hazipishani sana. Kaka anasema ya kwanza ndiyo yenye faida kwa sababu tunaona kila kitu. Mimi roho inasita. Halafu kuna suala la chakula, sisi ni Waislamu.

Usukani_Mstaafu

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi mtu wa Mombasa, nimeendesha hayo mabasi huku mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakujibu kwa jicho la aliyeshika usukani. Vile vijitabu vya matangazo huandikwa na watu wasioendesha.

Ratiba ya basi usiihesabu kwa majina ya miji. Ihesabu kwa saa ya dereva. Basi lina takografu, inaandika kila dakika gurudumu linapozunguka. Nikishaendesha masaa manne na nusu, lazima nipumzike dakika 45. Kwa siku mwisho ni masaa 9, na mara mbili tu kwa wiki naruhusiwa 10. Usiku kwa kawaida natakiwa kupumzika masaa 11. Na spidi imefungwa, basi halivuki kilomita 100 kwa saa hata barabara iwe tupu. Hakuna mwongozaji, hata awe na maneno matamu vipi, anayeweza kunibembeleza nivunje hayo. Kwa hiyo wakijaza miji, kinachopungua si muda wa barabarani. Ni muda wenu chini.

Chukua siku moja tu ya ratiba ya kwanza, ile ya kutoka York hadi Windermere. York mpaka Durham ni kama kilomita 120. Kanisa kuu la Durham, lililoanza kujengwa 1093, limekaa juu ya mwamba, na mto Wear umeuzunguka karibu pande zote. Basi kubwa halifiki juu. Nawashusha chini, mnapanda kwa miguu. Watu arobaini, huyu ana fimbo, yule anapiga picha kila mlango, wa tatu ameona duka. Dakika ishirini zimeisha kabla hamjafika. Hapo hapo foleni ya choo. Mkipewa saa moja na nusu, kaburi la Bede, yule mtawa wa kale aliyeandika historia ya Waingereza, mtalisimamia labda dakika kumi, kisha mwongozaji anaanza kutazama saa.

Mnaondoka kwenda kwenye ukuta. Warumi waliuanza mwaka 122, kilomita kama 117 kutoka bahari hadi bahari, na pale Housesteads kuna ngome unaweza kuingia mpaka kwenye vyoo vya askari wao, vimebaki mawe na mfereji. Ni mahali pa kukaa nusu siku. Lakini kutoka maegesho hadi ngomeni ni kupanda kilima karibu mita 800, na kurudi ni kushuka. Mama na goti lake, sijui. Wengi wa rika lake walikuwa wanabaki na mimi chini, wananisimulia wajukuu wao. Kisha masaa mengine barabarani, Windermere mnaifikia jioni, chakula, kulala, na masanduku yawe nje ya mlango saa moja asubuhi. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 17 na ninyi mmeliona kupitia dirisha la chumba cha kulia.

Mimi ningechukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Sanduku mnalifungua mara moja York, mara moja Stratford. Na jioni mnazo. York mchana kuna msongamano mpaka ule mtaa wa Shambles unapita kwa kujipenyeza. Jioni wageni wa siku moja wakishapanda treni, mji unapumua. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo mkishakula bado mna mwanga wa kutembea. Kanisa kuu la York likiwa wazi ingieni mapema, mtazame dirisha kubwa la mashariki. John Thornton alilifanya kati ya 1405 na 1408, na ni kubwa kama kiwanja cha tenisi. Mwongozaji akianza kueleza kioo kwa kioo, mwacheni aendelee na wengine. Mama akae kwenye kiti atazame.

Kitu kimoja York ambacho mama asikifanye: ukuta wa mji. Una kilomita 3.4 na kila kikundi kinapandishwa. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, zimelika katikati, na juu kuna vipande ambavyo upande wa ndani hauna reli. Kupanda ataweza, ila shida itakuja kwenye kushuka, na nyuma yake kuna msururu wa watu. Mkae chini na chai yenu.

Kabla ya kulipa, kaka aulize haya. Hoteli inaitwaje, iko wapi hasa? "York" ya kwenye karatasi inaweza kuwa hoteli kando ya barabara kuu, kilomita kumi na tano nje ya mji, na hapo zile jioni ninazozisifia hamna. Lifti ipo? Majengo ya zamani mengine hayana. Chumba kiwe cha vitanda viwili, msije mkakuta kitanda kimoja kikubwa. Na viti: kampuni nyingi huzungusha abiria, leo mbele, kesho nyuma. Waandikiwe mapema kwamba mama ana goti, akae karibu na mlango wa mbele siku zote. Basi la kisasa linaweza kujiinamisha upande wa mlango, dereva anabonyeza tu. Wengine tunasahau, tukumbusheni.

Chakula kisiwatie presha. Mkiandika mapema, samaki na mboga havikosekani, na nyama ya halali hoteli nyingine zinaweza kuagiza. Msiache mpaka mfike.

MzeeWaReli

Namheshimu dereva wetu lakini basi la nini? Treni London King's Cross hadi York ni kama masaa mawili. Mnapanga chumba mjini, mnatoka mnapotaka, hakuna mtu wa kuwapigia kengele. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo na hatukumkumbuka mwongozaji hata siku moja.

Usukani_Mstaafu

Mzee, kwa York peke yake nakubaliana nawe kabisa. Lakini vile vijiji vya Cotswolds, Bibury huna treni, Castle Combe huna treni, na mabasi ya kawaida ya vijijini ukilikosa moja unaweza kukaa hapo nusu siku. Mashamba ndiyo sababu ya kupanda basi. Kule Yorkshire ukiwa umekaa juu unaona zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zinapanda mlima na kushuka upande wa pili, na vibanda vya kuwekea nyasi kavu katikati ya malisho. Aliye kwenye gari dogo anaona ukuta mmoja tu, ule wa kando ya barabara.

Ila kuhusu Cotswolds niseme ukweli. Bibury kuna safu ya nyumba inaitwa Arlington Row, ilijengwa kama ghala la sufu karibu 1380, baadaye ikagawanywa nyumba za wafumaji. Watu wanaishi humo. Nilikuwa naingia pale na basi la mita 12 nikijua kabisa sipendwi, na siwalaumu. Watalii wanachungulia madirishani. Ukipata kampuni inayotumia basi dogo kwa siku hiyo, chukua hiyo.

Tausi_wa_Makaratasi

Dada, kwa pasi ya Tanzania unahitaji viza ya mgeni, na hiyo moja inakutosha Uingereza yote pamoja na Wales na Scotland. Msilipe ziara yote kabla viza haijatoka. Ikibidi kulipa, kaka ajue kuna kanuni za mwaka 2018 zinazolinda wanunuzi wa vifurushi vya safari huko: nafasi yako unaweza kumhamishia mtu mwingine ukitoa taarifa angalau siku saba kabla, japo wanaweza kukutoza gharama za kubadilisha jina. Na kampuni ikipandisha bei kwa zaidi ya 8%, una haki ya kujitoa bila faini.

BintiPangani

Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kwenye kilima cha Durham alikuwa ameshaamua. Amecheka aliposikia ya kubaki kwenye basi na dereva, anasema angemfundisha mashairi.

Tumechukua ya pili. Kaka amepiga simu: hoteli ya York iko ndani ya mji, ya Stratford iko nje kidogo, kilomita tatu. Anauliza kama hiyo ni shida. Na mama anauliza kaburi la Shakespeare lina ngazi?

Usukani_Mstaafu

Kilomita tatu si shida, teksi ipo. Kaburi liko ndani ya kanisa la Holy Trinity, karibu na madhabahu, na njia ya kando ya mto Avon ni tambarare, wala hamhitaji kundi. Nyumba aliyozaliwa, mtaa wa Henley, ndiyo yenye ngazi za mbao nyembamba. Mama aishie chini au apande taratibu mapema asubuhi, kabla mabasi hayajashusha. Na asome maandishi ya kwenye jiwe la kaburi. Yanamlaani yeyote atakayeihamisha mifupa.