Vijana wetu kurudi kutoka Kongo: tumewaacha watu wa Goma au ilibidi?

Mwana Makorora
Habari za jioni wadau. Hapa Tanga kwenye baraza letu ikishaswaliwa laasiri mjadala ni huohuo, ule uamuzi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wa Machi 2025 kukisitisha SAMIDRC, kikosi chake kilichokuwa mashariki mwa Kongo, na vijana wetu kurudi. Wapo wanaosema ni aibu, jeshi lililoingia Kampala 1979 haliwezi kuondoka Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa M23, na wapo wanaosema afadhali wamerudi wazima. Mi mtoto wa mamdogo yuko jeshini, huko hakwenda, lakini simu ikiita usiku mamake roho inamruka kwahiyo hili jambo silichukulii juujuu. Naombeni hoja jamani, kuna sababu gani ya maana ya kubaki?

Bint Ngamiani
Ilibidi waondoke kaka tena mapema zaidi. SAMIDRC imeingia Desemba 2023, Afrika Kusini, Malawi na sisi, kazi ni kulisaidia jeshi la Kongo. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, uwanja wa ndege ukafungwa, hilo jeshi la Kongo lenyewe pale mjini likasambaratika, sasa wewe mgeni umebaki kambini umezungukwa unamsaidia nani? Afrika Kusini walipoteza 14, Malawi 3, na jeshi letu lilitangaza wawili, mapigano ya Goma na Sake, kamji ka jirani. Hata njia ya kutokea ilikuwa ni barabara ya kupitia Rwanda mpaka Chato huku kwetu, Rwanda hiyohiyo ambayo wataalamu wa UN wanasema ndo inawabeba M23! Anayesema wangebaki aniambie chakula na risasi zingewafikia kwa wapi.

Mpanda Ngalawa
Dada yangu nakuheshimu ila hapo umeanzia mwisho. 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, ikaundwa ile brigedi ya kushambulia chini ya UN, nchi zilezile tatu, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Novemba mwaka huohuo M23 wakasalimu amri. Kwahiyo msiniambie kazi haiwezekani. Tofauti ni kwamba mwaka ule wafadhili walikuwa wameishikia Rwanda misaada na jeshi la Kongo lilikuwa limepangwa upya linapigana bega kwa bega na brigedi, safari hii askari wakapelekwa halafu hayo mengine yote hayakufanywa. Ndo kinachoniuma mimi. Kijana wa watu anapelekwa Sake akae mbele ya mizinga wakati viongozi hawajakubaliana hata nani wa kukaa naye mezani, halafu mji ukianguka tunaanza kubishana kama vijana ni waoga au siyo waoga. Ushujaa wao hauna swali, swali ni kwa waliowatuma. Na watu wa Goma ambao hawana pa kurudi ndo wamebaki na waasi.

Mzee wa Pongwe
Wanangu salamu. Mimi Uganda nimefika kwa miguu. Kampala tuliichukua Aprili 1979 lakini wenzetu wa mwisho wameondoka 1981, na hiyo miaka miwili ndo watu hawaisimulii, sukari hakuna, sabuni hakuna, nchi inalisha jeshi nje ya mpaka, na tulipotoka Waganda walishaanza kupigana wao kwa wao. Hakuna aliyetuita waoga, na tungekaa mitano mingine isingetengemaa.

Kuondoka nako kuna namna yake. Hapahapa Tanga Novemba 1914 Waingereza walishusha kama askari 8,000 kutoka India, wakapigwa, wakarudi melini mbiombio wakaacha bunduki na risasi kibao ufukweni, Mjerumani akaziokota akapigania nazo. Vijana wetu wametoka na silaha zao kwa makubaliano yaliyofanyika Goma mwezi Machi, hilo msilidharau hata kidogo. Anayesema aibu hajawahi kubeba maiti ya mwenzake.

Mwana Makorora
Shikamoo mzee, nimekuelewa sana. Mpanda Ngalawa na wewe umenifungua, mi nilikuwa nabishana upande mmoja tu. Sasa hawa waliopo Beni, kaskazini ya Goma, kwenye MONUSCO, kile kikosi cha UN cha kulinda amani Kongo, hilo la SADC linawahusu?

Mpanda Ngalawa
Haliwahusu, ni vikosi viwili tofauti. Beni wapo chini ya UN na adui wao mkubwa kule ni ADF, waasi wenye asili ya Uganda, haohao wanaoshukiwa kuishambulia ile kambi ya Semuliki Desemba 2017 tulipopoteza 15. Muda wao unapangwa New York, Baraza la Usalama huwa linaupitia kila Desemba, na Kinshasa nayo ina sauti maana ndo iliyoomba wapunguzwe, Kivu Kusini UN walishatoka 2024. Sisi tukitaka tunaweza kuwatoa wa kwetu, ila kwa hao mimi nitapinga mpaka mwisho, maana Beni wanaochinjwa ni wakulima wakiwa shambani na kile kikosi ni katika vichache vinavyoweza kuwafikia.

Bint Ngamiani
Hapo kwa Beni niko na wewe. Ila serikali iseme wazi bungeni wanabaki kwa kazi gani na mpaka lini, wazazi wasiwe wanasikia redioni.