Naomba ushauri: kinanda cha MIDI (cha kuchezea muziki kwenye kompyuta) cha vitufe 49 au 61?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Goma, napanga muziki wa kwaya kwa FL Studio (programu ya kutengeneza muziki) kwenye laptopu. Umeme unakatika sana, kwa hiyo nataka kinanda kinachotumia USB pekee, bila adapta. Nimejaribu cha rafiki chenye vitufe 25: mkono wa kushoto ukishika besi, wa kulia unakosa pa kuweka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Tena sauti ilichelewa kutoka baada ya kubonyeza kitufe. Niliweka draiva ya ASIO (programu ya kupunguza kuchelewa kwa sauti), nikashusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kuitoa) kutoka sampuli 1024 hadi 256. Kuchelewa kukapungua, lakini sauti ikaanza kukwaruza.

Kwa kucheza mikono miwili, Keystation 49 (kinanda cha M-Audio cha vitufe 49) inatosha au nijikaze nifike 61? Na hiyo mikwaruzo, dawa yake ni kadi ya sauti ya nje, au laptopu ndiyo imezidiwa?

Asanteni sana.