Hizi orodha za "miji bora kwa vijana" wanamtengenezea nani?

Wakuu nimechoka, tena nimechoka kweli. Kila mwaka orodha ya miji bora duniani ikitoka inarushwa kwa madogo waliomaliza chuo juzi, mara Vienna, mara Copenhagen, mara Zürich, na dogo mwenye cheti mkononi na mfuko mtupu anaanza kupanga maisha kwa kufuata namba. Hivi kuna mtu ameshawahi kusoma hao jamaa wanapima nini?

Chukua ile ya Economist Intelligence Unit, kampuni ya utafiti ya wenye jarida la The Economist. Miji 173, wanaangalia utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, miundombinu. Basi. Gharama za maisha hazimo! Wanapima kama nyumba nzuri zipo, sio kama unaziweza. Ajira kwa asiye na uzoefu ndo hawaigusi kabisa. Gharama wameziweka kwenye orodha nyingine, na mwaka 2023 Zürich ilikuwa ndani ya 10 bora za kuishi na hapo hapo ikashika namba 1 kwa ughali sambamba na Singapore. Geneva nayo vivyo hivyo, 10 bora huku, namba 3 kwa ughali kule. Kampuni ile ile, mwaka ule ule! Mercer nao, kampuni ya ushauri wa mambo ya wafanyakazi, vipimo vyao ni vya kusaidia makampuni kupanga posho ya mfanyakazi anayehamishiwa nje. Yaani hiyo ni orodha ya bosi anayelipiwa nyumba na kampuni, halafu mtu anaibandika kichwa cha "sehemu bora za kuanzia maisha" anamrushia mhitimu. Huo ni uongo, sina neno jingine.

Anayeanza maisha anachotafuta kwanza ni funguo ya chumba. New York wenye nyumba wengi wanataka kipato chako cha mwaka kifike mara 40 ya kodi ya mwezi, maana yake nyumba ya dola 2,000 uwe unaingiza 80,000 kwa mwaka, usipofika utafute mdhamini na yeye mara nyingi wanamtaka afike mara 80, sasa mtoto wa mkulima mdhamini wa hivyo anamtoa wapi? Stockholm kuna nyumba za kupanga zinazogawiwa kwa foleni ya mji, kodi zake kweli ziko chini, ila foleni yenyewe watu wanajiandikisha wakitimiza miaka 18, na ukitaka katikati ya mji unaweza ukasubiri zaidi ya miaka 10. Wewe umeshuka juzi na begi lako, unaishia kupanga kwa mtu ambaye na yeye kapanga, mkataba wa miezi michache, ukiisha unabeba begi tena. Kwenye alama zao hayo hayaonekani hata nukta.

Kinachoniuma zaidi, hata mji wenye sifa ya kweli sifa yenyewe wanairuka. Vienna halmashauri inamiliki nyumba za kupangisha zaidi ya 200,000, kazi waliyoianza kwa nguvu miaka ya 1920, na hiyo ni sababu kubwa ya kodi za pale kutopaa kama miji mingine mikubwa ya Ulaya. Hicho ndicho kitu cha kwanza kijana alitakiwa kuambiwa! Anaambiwa habari za opera.

Orodha ya QS, wale wanaopanga vyuo kwa ubora, angalau inapima unafuu, lakini inampima mwanafunzi. London imekaa kileleni miaka kibao mpaka Seoul ilipoipindua kwenye orodha ya 2026, sawa, ila ukishavua joho ni habari nyingine, ile viza ya wahitimu waliyoifungua Uingereza 2021 inampa mwenye digrii miaka 2 tu, na wameshaamua watakaoomba kuanzia Januari 2027 wapate miezi 18. Na Geneva hiyo wanayoisifia, Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi mshahara wanaofanya intanshipu. Mji wa tatu kwa ughali, kazi ya bure, nani anaweza kama sio mwenye wazazi wenye hela?

Mimi nataka orodha inayouliza maswali ya mhitimu. Mshahara wa kwanza ukishatoa kodi ya nyumba unabaki na nini? Dipoziti ni ya miezi mingapi? Nafasi za kazi zinazokubali asiye na uzoefu ziko ngapi, na usipopata kazi, viza inakuvumilia muda gani? Mwenye orodha iliyopima hivyo vitu aiweke hapa. Na nyie mnaosambaza picha zenye bendera na namba bila hata kusoma vipimo, acheni, kuna watu wanakopa hela kufuata hizo namba.